Mbona Haamki? Katuni, Watoto Wetu na Kipigo Kisichouma

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 4:23, Kumbukumbu la Torati 6:6-7, 1 Mambo ya Nyakati 22:8



Jumapili iliyopita nikihubiri juu ya kulinda moyo, nilitaja katuni kwa sentensi moja tu, nikapita. Baada ya ibada kina mama wanne walinisimamisha pale mlangoni, na jioni baba mmoja akanipigia simu. Wote walikuwa na swali moja: "Pasta, kwani katuni ni dhambi?" Nimeona nijibu kwa maandishi, polepole, kwa sababu hili si swali la kujibiwa kwa ndiyo au la.

Nianze na nyumba yangu. Mwaka jana, Jumamosi asubuhi, kijana wangu wa miaka mitano alichukua mwiko jikoni akampiga dada yake mdogo kichwani. Hakuwa na hasira. Hawakuwa wamegombania kitu chochote. Msichana akaanguka, akalala pale chini analia, na damu ikaanza kutoka juu ya jicho. Nilipofika sebuleni nilimkuta kijana amesimama na mwiko mkononi, anamwangalia dada yake kwa mshangao wa kweli. Akaniuliza, "Baba, mbona haamki?"

TV ilikuwa inaendelea. Paka alikuwa amegongwa nyundo, amekuwa bapa kama chapati, halafu akajikung'uta na kukimbia tena. Kijana wangu alikuwa anangoja dada yake afanye vivyo hivyo.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema mwishoni, maana ndicho kilichonifundisha zaidi. Kwanza tulishughulikie swali lenyewe: ile mwiko ilipotua, ni nani aliyepiga? Ni mkono wa mtoto? Ni katuni? Ama ni mimi niliyewasha TV nikaenda zangu kuosha gari?

Majibu mawili ya haraka

Kanisani nasikia majibu mawili. La kwanza linasema katuni zote ni za shetani, zima TV, vunja decoder, kwisha. La pili linasema, "Aah Pasta, hiyo ni michezo tu. Sisi tulitazama Tom na Jerry na hatujaua mtu."

Jibu la kwanza lina bidii lakini halina ufahamu. Jibu la pili lina amani, lakini ni amani ya mtu ambaye hajakagua vitabu vyake vya hesabu. Ni kweli Tom na Jerry wamekuwa wakipigana tangu 1940, na wengi waliowatazama ni watu wapole kabisa. Lakini kusema "sijaua mtu" si kusema "sikufundishwa kitu." Kati ya kuua na kutojifunza lolote kuna nafasi kubwa, na watoto wetu wanaishi ndani ya nafasi hiyo.

Yule mwanasesere wa California

Mwaka 1961, mtaalamu wa saikolojia anayeitwa Albert Bandura, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichukua watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo: anamgonga kwa nyundo ya mbao, anampiga teke, anamrusha juu. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu. Halafu watoto wakaachwa na vitu vya kuchezea. Wale walioona kipigo walikitoa kile kile, mpaka na maneno waliyoyasikia.

Mwaka 1963 akarudia, lakini safari hii watoto wengine waliona kipigo kwenye filamu, na wengine wakaona mtu aliyevalia kama paka kwenye TV, kama katuni. Matokeo yalikuwa yale yale. Walioona kwenye kioo waliiga pia.

Jaribio la mwaka 1965 ndilo linalonisumbua zaidi. Watoto walionyeshwa filamu yenye miisho tofauti. Katika mmoja, mpigaji alipewa zawadi. Katika mwingine aliadhibiwa. Walioona adhabu hawakuiga sana, na mzazi angesema, "Unaona? Wako sawa." Lakini watoto walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, tofauti ilipotea. Wote walikuwa wamejifunza. Somo lilikuwa limewekwa ghalani kama mahindi, linangoja siku bei itakapopanda.

Nisiwe mtu wa kutia chumvi. Wako wasomi waliompinga Bandura, na hoja zao zina uzito. Wanasema mwanasesere yule ametengenezwa ili apigwe, na kumpiga yeye si sawa na kumpiga mtoto mwenzako. Tena mtoto anayeiga leo hajawa mhalifu wa kesho. Nakubali. Watoto wengi mno wanatazama katuni za vita na hawaumizi mtu. Kwa hivyo siwezi kusimama madhabahuni niseme katuni inazaa majambazi. Ningekuwa nashuhudia uongo.

Lakini mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kuna kitu kimoja ambacho mtu wa biashara hawezi kukikubali: kwamba picha inayorudiwa haifanyi kitu. Kampuni ya sabuni inalipa pesa nyingi kwa tangazo la sekunde 30. Hakuna mhasibu angeidhinisha malipo hayo kama kutazama hakubadilishi watu. Na tangazo zuri linakuwaje? Ni fupi, lina muziki, linachekesha, linarudiwa. Sasa niambieni, wapendwa, ni kitu gani kingine hapo nyumbani ni kifupi, kina muziki, kinachekesha na kinarudiwa asubuhi na jioni? Hatuwezi kuamini kwamba sekunde 30 zinauza sabuni halafu saa tatu haziuzi chochote.

Inauza nini?

Hapa ndipo kiini. Katuni haimfundishi mtoto kupiga. Kupiga anakujua tayari. Kaini hakuwa na TV. Mtoto wa mwaka mmoja atakuzaba kofi la uso hata hajui kusema "mama." Biblia imesema wazi tangu mwanzo kwamba moyo wa mwanadamu una kasoro, na hatuhitaji kumtafuta mchoraji wa Marekani wa kumlaumu.

Kinachofundishwa ni bei. Katika biashara, kitu kisicho na bei hutumiwa ovyo. Maji ya bure yanamwagika. Katuni ya aina ile imefuta bei ya kipigo. Nyundo inashuka, hakuna maumivu. Bomu linalipuka, uso unakuwa mweusi tu, watu wanacheka. Hakuna anayeshonwa nyuzi wala mama anayelia hospitalini, na kesho hakuna kovu. Kijana wangu hakuwa mkatili asubuhi ile. Alikuwa amepewa hesabu ya uongo, naye akaiamini.

Kwa hivyo swali la kuuliza si kama katuni ina vita. Swali ni kama inamwambia mtoto ukweli kuhusu kipigo.

"Lakini Pasta, hata Biblia ina vita"

Kijana mmoja wa chuo aliniambia hivyo, na ni hoja nzuri. Daudi alimkata Goliathi kichwa, na hiyo tunawafundisha watoto wa Shule ya Jumapili na hata rangi tunawapa wapake. Tena hadithi tulizopewa na kogo, cucu au kukhu jioni kando ya moto zilikuwa na mazimwi yanayomeza watu, na sungura anayemtia fisi taabani mpaka anaungua. Kama vita ni sumu, si tungekuwa tumekufa zamani?

Tazama tofauti. Katika Biblia damu ina sauti. Habili anapouawa, damu yake inamlilia Mungu kutoka ardhini. Sauli, aliyemwinda Daudi miaka mingi, anapokufa, Daudi hashangilii. Anararua mavazi na kulia. Absalomu, mwana mwasi, anapouawa, baba yake analia mpaka ushindi wa jeshi zima unageuka kuwa matanga. Na huyu huyu Daudi shujaa, mtu wa Mungu, anakatazwa kulijenga hekalu kwa sababu amemwaga damu nyingi. Hebu fikirini hilo. Hata vita alivyovipigana kwa haki viliacha doa lililobaki kwenye hesabu yake. Biblia haifichi kipigo, lakini haifuti bei yake kamwe.

Na bibi zetu? Hadithi ile ilikuwa na msimulizi. Mtoto aliyeogopa zimwi alisogea akamshika bibi kanga. Mtoto aliyecheka fisi alipoungua aliulizwa, "Na wewe ungefanyiwa hivyo?" Bibi alitazama nyuso zetu. Kioo hakimtazami mtoto. Hakijui kama amecheka pahali pasipochekesha.

Walioua bila katuni

Sasa nije kwenye jambo zito, na naomba tulisome kwa upole, maana katika kanisa letu kuna waliokuwa pande zote.

Tarehe 1 Januari 2008, kilomita chache kutoka hapa mjini, kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa lilichomwa moto. Ndani yake walikuwamo watu waliokimbilia usalama, wengi wao kina mama na watoto. Nilikuwa kijana wa shule. Moshi wa siku zile hakuna mtu wa Eldoret aliyeusahau.

Mtu ataniuliza: wale vijana waliowasha moto walitazama katuni gani? Wengi walitoka nyumba ambazo hata stima hazikuwa nazo. Ni kweli. Na jibu hilo linapaswa kutunyamazisha sisi wazazi tunaotaka kulaumu TV. Vijana wale walifundishwa na watu wazima. Walifundishwa mikutanoni, na Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza vurugu zile ilisikia ushahidi wa matamshi ya chuki, yakiwemo yaliyopita redioni. Walifundishwa pia mezani, wakati baba anakula na kuongea, akidhani watoto hawasikii.

Mnakumbuka jirani alikuwa anaitwaje siku zile? Madoadoa. Sikilizeni neno hilo vizuri. Doa si mtu. Doa halina mama, halina jina, halilii. Doa linafutwa. Ukimwita mtu doa, umeshamgeuza katuni. Umemchora kwa mstari mmoja, ukamwondolea maumivu, na sasa unaweza kumfanyia lolote na wenzako wakacheka.

Hapo ndipo naona uzi unaounganisha sebule yangu na Kiambaa. Sisemi kimoja kilizaa kingine. Hapana, na Mungu anisamehe nikifananisha mwiko na moto ule. Nasema uongo ni ule ule: kwamba yuko mtu anayeweza kupigwa na asiumie. Katuni inausema kwa mchezo. Siasa inausema kwa dhati. Mtoto aliyezoea kuusikia kwa mchezo bila mtu wa kumsahihisha, atautambua vipi utakapokuja kwa dhati? Uchaguzi wa 2027 unakuja, wapendwa. Watoto waliokuwa tumboni 2008 watakuwa na kitambulisho mkononi.

Serikali itatusaidia?

Kidogo. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vituo vya TV kuonyesha vipindi vinavyofaa familia nzima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Ni jambo jema. Lakini simu ya mama haijui saa nne usiku ni nini. Mtoto akishika simu yenye bando, yuko sokoni peke yake.

Mnakumbuka pia Juni 2017, wakati Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ilipopiga marufuku katuni sita, zikiwemo The Loud House na Hey Arnold. Sababu iliyotolewa ilikuwa maudhui ya mapenzi ya jinsia moja, na makanisa mengi yalishangilia. Sitaki kurudia mjadala huo leo. Nataka tu tujiulize: je, kuna Jumapili hata moja ambapo sisi hao hao tulisimama kusema kitu juu ya katuni ambayo kazi yake yote ni watu kuvunjana mifupa kwa kicheko? Sisi huwa tunaona haraka dhambi tunayodhani ni ya wengine. Ile iliyozoeleka tunaiita burudani.

Mama wa Langas

Sasa kuna dada mmoja ambaye sitamtaja. Anauza mboga, analea watoto watatu peke yake Langas. Aliniambia, "Pasta, nikitoka saa kumi na moja asubuhi, nawafungia ndani na TV. Nikiizima, watatoka nje. Na nje unajua kuna nini."

Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru Mungu sikulitoa. Kwa mama huyu katuni si uzembe. Ni ukuta. Mtu mwenye mfanyakazi wa nyumbani na kiwanja chenye ua Elgon View hana haki ya kumhukumu. Kama tunasema katuni zile si nzuri kwa watoto wake, basi lazima tulipe tofauti. Jengo letu la Shule ya Jumapili linakaa limefungwa siku sita kwa wiki. Nimemwomba Mchungaji wetu kiongozi tulifungue Jumamosi na wakati wa likizo, tuwe na watu wawili wazima wa kujitolea kila zamu. Ameniambia nilete majina. Kwa hivyo naomba majina. Kushauri bila kusaidia ni kuandika hundi kwenye akaunti isiyo na pesa.

Na kwa anayeweza kuchagua, chagueni. Majirani zetu Tanzania wametengeneza katuni nzuri za Kiswahili: Ubongo Kids iliyoanza 2014, na Akili and Me ya wadogo. Mtoto anajifunza hesabu na anacheka, na hakuna anayegongwa nyundo. Lakini si lazima tufute kila kitu kingine. Dawa kubwa ni ile ya bibi: kaa hapo. Dakika 20 tu. Paka akianguka, uliza, "Huyo ameumia?" Mtoto atasema, "Hapana, ni katuni." Uliza tena, "Na angekuwa wewe?" Maswali hayo mawili yanarudisha bei iliyofutwa. Musa aliwaagiza wazazi waongee na watoto wao wakikaa nyumbani na wakitembea njiani. Hakuwapa orodha ya vitu vya kuzima. Aliwapa mazungumzo.

Nilichofanya asubuhi ile

Niliahidi kusema. Nilipoona damu ya binti yangu, nilimnyang'anya kijana mwiko, nikamchapa nao mara tatu, huku nikipaza sauti: "Hatupigi watu! Katika nyumba hii! Hatupigi watu!" Kipigo kimoja kwa kila sentensi.

Tulipotoka zahanati, msichana ameshonwa nyuzi mbili na amelala begani, mke wangu aliniambia kwa utulivu, "Baba fulani, umemfundisha nini leo?" Nilianza kumtajia Mithali na fimbo. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Fimbo ya mchungaji inaongoza kondoo. Wewe ulikuwa umekasirika."

Sitaki kumaliza mjadala wa fimbo leo; najua tunatofautiana. Sheria ya nchi iliondoa kiboko shuleni mwaka 2001, na wengi wenu mnadhani ilikosea. Lakini hebu rudini kwa Bandura. Yule aliyempiga mwanasesere mbele ya watoto mwaka 1961 hakuwa katuni. Alikuwa mtu mzima, ndani ya chumba, anayeonekana anajua anachofanya. Katuni ilikuja baadaye, kama mwalimu msaidizi. Mwalimu mkuu ni mimi.

Jioni nilimwita kijana, nikamwomba msamaha. Kisha tukaenda wote wawili kwa dada yake, nikamwonyesha zile nyuzi. Nikamwambia aguse taratibu kando yake. Akagusa, dada yake akasema "Uuu!" akajikunja. Kijana akautoa mkono haraka, akaanza kulia. Hakuna aliyekuwa amemchapa wakati huo. Alikuwa ameijua bei.

Kwa hivyo, kina mama wanne na baba wa kwenye simu, jibu langu ni hili. Katuni si dhambi. Uongo wake kuhusu maumivu ni wa kweli na unaingia, na kumwacha mtoto peke yake na uongo huo ni kosa letu. Lakini TV tunaweza kuizima. Sisi wenyewe watoto hawana remoti ya kutuzima.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii:
1. Nyumbani kwako, ni nani huwa anacheka mtu akiumia, na anacheka nini?
2. Ni jina gani la dharau kwa kabila au jirani ambalo mtoto wako amelisikia kutoka kinywani mwako?
3. Ni Jumamosi gani mwezi huu unaweza kujitolea saa tatu na watoto wa kanisa?

Tuombe: Bwana, ulisikia damu ya Habili ikilia. Utupe masikio hayo sisi na watoto wetu. Tusamehe tulipofundisha kwa mkono tuliyokataza kwa mdomo. Ulinde jiji letu la Eldoret, na utufundishe kuona mtu pale tulipochora doa. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji Msaidizi